Herufi Yangu Mbele ya Jua

Jumatatu, 3 Machi

Nimesugua kalibu, umbo la chuma la kutolea kioo, tangu asubuhi. Bega limekufa. Miezi minne sasa nasugua chuma kilekile, na kila jioni mpimaji anasema bado kuna vilima. Vilima! Mimi naona uso laini kuliko shavu la mtoto.

Mama mkwe kaja kukaa nasi. Kauliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikamweleza: vioo vya kulitazama Jua kwa eksirei, vitapanda na roketi. Kioo chenyewe kama kipande cha bomba. Miale inaingia kwa mshazari, inaparaza ukuta wa ndani kama jiwe linavyorukaruka juu ya maji. Akauliza mtu anajionaje humo. Nikasema hajioni. Akamgeukia binti yake, akampa pole.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu wa karakana katangaza: kati ya kioo changu na cha Bi Taratibu, kimoja tu kitaruka. Bi Taratibu ni fundi wa meza ya pili. Hasemi, hakohoi, hana pupa. Nimemsalimu kwa kejeli. Kaitikia vizuri, akanipisha kwenye kiti chake. Mtu mbaya sana!

Ijumaa, 7 Machi

Kioo kimetoka! Nikeli, ambayo ndiyo kioo chenyewe, ilikwisha kujijenga juu ya kalibu ndani ya pipa. Tukaipoza, kalibu ikanywea, ganda likachomoka lenyewe. Jembamba, jepesi. Mpimaji kasema changu kinazidi cha Bi Taratibu. Mbele yake! Nilitaka kucheka, nikapiga miayo. Uchovu huu hauna adabu.

Mama mkwe hakushtuka. Kauliza jina langu litaandikwa wapi. Nikasema haliandikwi. Akasema, "Basi utajuaje ni chako?" Chakula kikanishinda.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata dawa. Ndani ya kioo hapagusiki, hilo najua. Lakini nje? Nje hapana kazi, miale haipiti huko. Wenzangu walipokwenda kula, nikachora herufi ya kwanza ya jina langu kwa ncha ya sindano. Moja tu. Nikakandamiza kidogo ikolee. Jua litanijua!

Nimemwambia mama mkwe. Kaniongezea mchuzi.

Jumatano, 12 Machi

Balaa! Vipimo vya mwisho. Mpimaji akawasha mashine, akamwita mkuu. Kwenye skrini, ukuta wa ndani umevimba mahali. Ganda ni jembamba. Ukilibonyeza nje, ndani kunatokeza. Na uvimbe una umbo la herufi. Imegeuka, lakini inasomeka. Karakana nzima, mwenye herufi hiyo ni mimi peke yangu.

Nikasema labda ni joto. Mpimaji akasema, "Joto halijui kuandika, ndugu yangu." Wakacheka wote, isipokuwa Bi Taratibu. Yeye akasema, "Kazi yote ile! Pole, kaka." Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli, si kwa hilo. Nikaenda kujifungia msalani na ovaroli langu jeupe mpaka nikaitwa. Kioo chake ndicho kitakachoruka.

Mke wangu hakunigombeza. Kanitengea maji ya moto, kanikanda bega. Sijui lipi lilinichoma zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimehamishiwa kwenye pipa la maji ya nikeli. Kazi yangu kuangalia kipimajoto kisipande hata nukta, ganda lisije likapinda, basi. Mkuu kasema hapa hata mimi siwezi kuharibu.

Kalibu mpya ya Bi Taratibu imo humo, inavikwa nikeli. Kapita kuitazama. Macho mekundu kwa uchovu, maskini. Kasema maadamu niko mimi, anakwenda nyumbani bila wasiwasi. Nimeguswa, kweli. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Lazima nimlipe wema.

Nikeli inajijenga polepole mno. Maji yakipata moto zaidi, itakimbia, naye atamaliza mapema apumzike. Nimeongeza kidogo tu. Sikumwambia. Acha awe na la kumshangaza asubuhi!