Nusu Yetu ya Mto

Jumatatu, 3 Juni
Mpango kabambe umeingia shuleni na, kama kawaida, si wangu. Ni wa Mwalimu wa Jiografia. Watoto wa darasa la tano watachora nusu ya mto unaopita nyuma ya shule. Shule ya ng'ambo ya mpaka, ambako mto huohuo unaelekea, itachora nusu iliyobaki. Karatasi moja, nchi mbili, ili wakubwa wa pande zote wakumbuke kuyatunza maji kwa pamoja. Mchoro utazinduliwa huko ng'ambo na mwalimu mmoja atatoa hotuba. Mmoja! Nikamkumbusha mwalimu mkuu kwamba mwalimu wa sanaa ni mimi. Akasema tuone kazi kwanza. Hotuba nimeshaianza.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Watoto wamechora mto kama ulivyo. Chupa, malapa, tairi, godoro. Nikawauliza samaki wako wapi. Binti mmoja, tunamwita Bi Maswali, akaniuliza mimi niliwaona lini mara ya mwisho. Hana adabu. Hoja anayo. Jiografia akasifu, eti mchoro una ukweli mtupu. Na nikisimama mbele za wageni, godoro nyuma yangu?

Alhamisi, 6 Juni
Saa ya chakula cha mchana nilijifungia stoo. Rangi nyeupe ya michoro imekwisha, ila mafundi wanaopaka choo cha walimu wameacha ndoo. Rangi ni rangi. Nikaufunika uchafu wote, nikapitisha buluu juu, nikachora samaki saba. Mmoja anatabasamu. Nikaviringisha karatasi, mbio posta. Mke wangu nilipomsimulia akasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamjibu haya si maradhi, ni mapambo.

Jumatano, 19 Juni
Tunakwenda wote wawili, mimi na Jiografia, pamoja na watoto. Hotuba kapewa yeye! Nimempongeza; meno nje, moyo umenuna. Nikamshauri kwamba hotuba hufana ikitolewa bila karatasi. Karatasi yake naitunza mimi. Atakwama, watanigeukia.

Jumamosi, 22 Juni
Hakukwama. Alitiririka kama bomba lililopasuka! Ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Nami nilisimama, nikiwa na karatasi mbili mfukoni.

Kisha pazia likafunguliwa. Nusu yetu: maji maangavu, samaki. Nusu yao: chupa, malapa, godoro. Godoro kama letu! Mto msafi unafika mpakani na kugeuka jaa. Mwalimu mkuu wao akauliza, kwa upole wa kuua, kama uchafu ule ulishuka kutoka mbinguni.

Kabla sijajibu, rangi ya choo ikaanza kubanduka. Taa zilikuwa kali. Samaki anayetabasamu alidondoka wa kwanza. Nyuma yake, tairi. Wakafuata wenzake, pu, pu, pu. Mgeni rasmi akapiga makofi. Ubunifu ulioje, mchoro unaojivua uongo wenyewe! Nani kabuni? Mkono wangu ulipanda kabla ya akili. Bi Maswali akasimama.

"Shikamoo, mgeni rasmi. Mwalimu hakubuni. Aliona haya tu."

Ukumbi ulicheka hadi nami nikacheka. Mtoto mmoja wa ng'ambo akaokota samaki wangu, akambandika tena kwa gundi. Alisema abaki, huenda wenzake wakamfuata. Papo hapo watoto wa shule zote mbili wakakubaliana: Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, kila upande usafishe mto wake. Mgeni rasmi akaahidi malori. Wetu wakapiga kura nani atoe godoro. Nimeshinda bila mpinzani.

Jumamosi, 29 Juni
Mtoni tangu asubuhi. Buti za kuazima, zote za mguu wa kushoto. Godoro lilikuwa limelowa maji, zito kama ng'ombe. Jiografia akaingia kunisaidia bila kuombwa, tukalivuta hadi ukingoni, tukaanguka wote chali. Watoto walishangilia. Ng'ambo wametuma picha: upande wao unang'aa. Nilifurahi, sifichi. Nimetubu. Kuanzia leo, ukweli mtupu.

Mwaka ujao watoto watachora msitu. Jioni nilipita kuukagua. Miti ni michache, tena imekonda. Nimeagiza maua ya plastiki, maboksi mawili. Nitayafunga matawini kabla hawajafika na penseli zao.