Ekzosi ya Kupeleka Ntheo

Musyimi alipoinama chini ya pikapu ya kijani ya Deqa, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nuu, alikiona kikopo cha kusafisha moshi kikiwa kizima, kinang'aa. Mate yakamjaa.

Tuseme wazi kazi yake. Katika karakana yake mjini Kitui, Musyimi alipasua kwa siri vikopo kama hivyo vya magari ya wateja, akachomoa masega ya ndani yenye madini ghali, yanayogombaniwa na wanunuzi wa Nairobi, kisha akaziba kwa kiraka cha chuma cha kawaida, akitumia vijiti vya kuchomelea mageti. Kikopo hakishiki kutu, kiraka kinashika, na mshono wa vyuma hivyo viwili haukai. Juu yake alipaka rangi ya fedha. Rangi hiyo ndiyo iliyokuwa fundi mkuu pale.

"Mama, hii kitu ndio inakula mafuta yako."

"Basi toa yote, uweke bomba," Deqa akasema. "Lakini sina pesa. Hiyo kitu ubaki nayo."

Musyimi alijifanya kusikitika. "Sawa tu, mama. Nitakusaidia."

"Bomba ya stainless, ile haishiki kutu. Na usinichomee na vijiti vya geti. Nasimama hapa."

Hapo Musyimi alisita. Bomba zuri alikuwa nalo moja tu, na pakiti moja ya vijiti vya kulichomelea, alivyoviweka kwa ajili ya gari lake mwenyewe, ambalo ekzosi yake, bomba la moshi, ilikuwa imetoboka na kupiga kelele. Jumamosi alikuwa anapeleka mbuzi wa ntheo Kilungu, wafungue njia ya kumwoa Kasyoka. Mzee Mutiso, babake Kasyoka, alikuwa ameshasema: "Ukikuja na hiyo makelele tena, rudi na mbuzi zako." Na Musyimi alimpenda Kasyoka kweli, jambo pekee maishani mwake lisilopakwa rangi.

Lakini masega yale yangenunua mabomba kumi. Akachomelea, safi kabisa.

Deqa akawasha gari, likanguruma kwa adabu. "Mzee Nyamai wa Matinyani anakusalimia. Aliniuzia hii gari ikiwa nyeupe."

Musyimi aliitikia bila kusikiliza, msumeno tayari mkononi. Alipopasua kikopo, kikamwaga kokoto na mavi makavu ya mbuzi. Akakwangua rangi ya fedha. Chini yake palikuwa na kiraka chenye kutu na mshono wenye vinundu, na vinundu hivyo alivijua kama mwandiko wake. Ndipo akaikumbuka pikapu nyeupe ya Mzee Nyamai, aliyoichomoa masega yeye mwenyewe.

Jumamosi alipanda vilima vya Kilungu na ekzosi aliyoiziba kwa vijiti vya geti. Mshono ulipasuka kwenye mwinuko wa mwisho. Langoni ekzosi ikaanguka, mbuzi wakaruka kutoka nyuma na kutokomea kwenye miembe.

Kasyoka alitoka peke yake. Hakucheka, na hilo lilimuuma Musyimi zaidi.

"Baba amefunga mlango. Anauliza, hiyo gari ulitengenezewa na nani?"

Musyimi alitazama ekzosi iliyolala vumbini.

"Fundi mmoja wa Kitui," akasema. "Mwongo sana."