Nirudishie Hitilafu Yangu

Kitomanga, Lindi

Kwa Fundi Kibwana,
Fundi Umeme wa Magari,
Lindi Mjini.

Ndugu Fundi,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA HITILAFU YA UMEME

Assalaam aleykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mikono yako ikiwa na grisi ya halali. Mimi ndiye Hussen Nampoto, mwenye lile gari jeupe la mizigo uliloitiwa hapa Kitomanga mwezi uliopita. Lilikuwa haliwaki tangu mikorosho ilipochanua mpaka korosho zilipookotwa. Ulifika, ukalitengeneza, ukaondoka unapiga mluzi. Nimekaa, nimetafakari, na sasa nakulalamikia rasmi.

Nakiri mapema kwamba kazi uliyofanya ni nzuri. Hilo ndilo kosa lenyewe.

1. Hukutusikiliza. Ulikuta baraza kamili limekaa kuzunguka boneti iliyo wazi, ukapita katikati yetu kama mtu anayepita gulioni. Mimi nilikuwa kiongozi wa kambi ya betri. Mtani wangu Likwata, niliyetoka naye jando, aliongoza kambi ya stata. Josephat alikuwa peke yake upande wa fyuzi, lakini hupiga kelele za watu watatu. Ushahidi tulikuwa nao: ukizungusha ufunguo, gari linasema "tik", taa zinafifia, basi. Kila alasiri Likwata aliniambia, "Weye umesoma magazeti mpaka macho yameota kutu, lakini stata huijui," nami nikamjibu kwamba ukoo wake mzima haujawahi kuwasha kitu zaidi ya kiberiti. Hayo ndiyo mazungumzo ya watu wazima, Fundi. Wenzetu wanayajengea kumbi.

2. Ulitushinda wote kwa mpigo mmoja. Ncha moja ya mita yako ukaigusisha kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini, ukaniamuru nizungushe ufunguo. Ukatazama, ukacheka. Kumbe betri nzima, stata nzima, fyuzi nzima! Mbovu ni waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi, umeliwa na kutu. Ukapiga msasa, ukakaza nati, gari likanguruma, na maji ya chai yako yalikuwa hayajachemka. Ungekuwa na adabu ungesema kila mmoja wetu ana ukweli kidogo. Hata wanasiasa hufanya hivyo.

3. Tangu siku hiyo Likwata haji. Hajanikasirikia, hana tu sababu ya kuja. Mtu atoke kwake aje kukaa mbele ya gari zima, atazame nini? Akienda shambani sasa hupitia njia ya nyuma, katikati ya mikorosho, nami naambulia kuona kofia. Mke wangu Biasha bado anapika mihogo ya baraza zima kwa mazoea, tunaila wawili. Juzi nilimtukana Likwata kwa mbali, tusi zuri la utani nililoliandaa tangu asubuhi. Akaitikia, "Salama, ndugu yangu." Fundi, mtani akikujibu kwa heshima, jua umemzika.

4. Wanaokuja sasa wanalijia gari. "Shikamoo Mzee Hussen, unaelekea Lindi?" Wananiamkia huku wanatazama matairi. Nimebeba magunia, nimebeba bibi harusi, nimebeba mbuzi wa hitima. Hakuna hata mmoja aliyebaki kubishana nami. Wanashukuru, wanashuka. Hakuna njia ya haraka ya kumkimbia mtu kama kumshukuru.

5. Hili la mwisho ni la kitaifa. Nchi imeshikwa na homa ya kutengeneza, na hakuna anayeuliza kitu kibovu kilikuwa kinafanya kazi gani. Napendekeza kila kijiji kitengewe gari moja lisilowaka, lilindwe kwa sheria, na fundi atakayekutwa karibu nalo ameshika msasa afikishwe mbele ya baraza ajieleze.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uje uilegeze ile nati. Au hapana, usiilegeze, kwa sababu Josephat ameshaiona ilipo. Nitafutie hitilafu mpya yenye hadhi, isiyojulikana chanzo, ambayo betri, stata na fyuzi zitatiliwa shaka kwa haki. Gari liwake kukiwa na mgonjwa au mama anayekwenda kujifungua, alasiri ligome. Wewe ni mtaalamu, hilo halikushindi.

Nisalimie mama watoto, vijana wa gereji, na yule jirani yako anayechomea vyuma. Na yeyote hapo Lindi ambaye bado ana kitu kibovu nyumbani, mwambie nampa salamu na akitunze.

Wako katika ujenzi wa taifa, isipokuwa gari langu,

Hussen Nampoto

Tanbihi: Barua hii nakuletea mwenyewe. Nilimwambia Biasha kwamba naja kukushitaki, na kabla sijafunga bahasha habari zikawa zimemfikia Likwata. Akaja amevaa kanzu, akapanda mbele bila kuniomba. "Huendi kwa fundi bila shahidi wa stata," akasema. "Weye utadanganya." Josephat kapanda nyuma, anatetea fyuzi kupitia kidirisha. Tumebishana tangu nyumbani, na hapa Mchinga tumesimama kwa sababu gurudumu la mbele linatoa mlio. Likwata anasema ni beringi. Mimi nasema hajawahi kuiona beringi maishani mwake. Basi umeme usiuguse hata kidogo, tafadhali, tuandalie benchi tu. Nisamehe kwa mwandiko huu unaotetemeka. Nilitaka kuzima injini niandike vizuri, wote wawili wakanipigia kelele: "Usizime, weye! Likigoma hapa je?"