Chuo Kikuu cha Samuye

Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana Bwana Fikirini bin Salehe akishaanza kusema hapendi kukatizwa.

Aliingia Shinyanga kwa lori la pamba akitokea Geita, wakati ambao kila mwenye miguu alikuwa akikimbilia Geita. Huko wachimbaji walikuwa wamegundua kwamba dhahabu aliyowauzia ni unga wa shaba ya kitasa cha mlango. Fikirini, mtu wa amani, hakutaka kubaki awaone wakikasirika.

Alikuwa na koti jeusi, miwani isiyo na vioo, na mdomo. Akakaa kwenye mgahawa wa Bi Mwamvua, akatega sikio. Mzee mmoja wa Samuye, Ngassa jina lake, alikuwa akilalamika mpaka chai inapoa.

"Kijana wa Didia kasoma shule, sasa ni karani! Yeye anakaa kwenye kiti, sisi baba zake tunasimama mbele yake! Mimi ng'ombe ninao, wa kukaa kwenye kiti sina."

Fikirini akaweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyesikia msiba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Huyo wa Didia alisoma shule tu?"

"Shule, ndiyo."

"Maskini."

Ngassa akageuka mzima mzima. "Maskini kwa nini?"

"Shule ni ndama, mzee wangu. Mimi natembea na ng'ombe mwenyewe. Anaitwa chuo kikuu."

"Na huko mtu anasoma mpaka lini?"

"Mwenye akili anamaliza kabla pamba haijachumwa."

"Wangu ana akili," akasema Ngassa upesi, kama baba yeyote ambaye hana hakika. "Karo yenu nini?"

"Sisi hatugusi pesa, mzee. Pesa inachafua elimu. Tunapokea ng'ombe."

Basi, kitendawili. Tega! Ninayo nyumba, anayeingia na ng'ombe hutoka na kamba. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ndiyo hiyo, Chuo Kikuu cha Samuye.

Chuo kilifunguliwa katika ghala kuukuu la pamba, na nyuma yake shamba kubwa lililojaa magugu, ambalo Mzee Ngassa alimpa mwalimu kwa heshima. Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja, cha saa za gari moshi, kikasomwa kwa sauti ya mahubiri. Maabara ilikuwa chemni ya taa. Masomo yalikuwa mengi: Ukarani, yaani kukaa kwenye kiti bila kusinzia, Sheria, yaani kusema "njoo kesho" bila kucheka, na Elimu ya Dhahabu, ambayo mwalimu aliijua kweli, upande wa kitasa.

Zizi likajaa. Wa mwisho kuletwa alikuwa ng'ombe wa madoa wa Limi, mjane, aliyemtaka mwanawe Mabula naye apate kiti. Ng'ombe huyo ndiye pekee aliyekuwa naye nyumbani, na maziwa yake ndiyo yaliyolisha wajukuu. Asubuhi ya pili Limi akaja na kibuyu.

"Mwangaluka, mwalimu. Nimekuja kukamua."

"Mama Mabula, maziwa sasa ni mali ya chuo."

"Na watoto wanywe nini?"

"Wavumilie. Mjomba wao anasoma."

Limi akarudi na kibuyu kikavu. Siku hiyo akamwuliza Mabula amejifunza nini. Mabula akakaa kwenye kinu, akanyoosha shingo, akasema, "Njoo kesho." Mama mtu akajua ng'ombe wake amekwenda, na kwamba asipomrudisha upesi hatamwona tena.

Na upesi ulihitajika, kwa sababu Maige, mchuuzi wa nyama wa Geita, alikuwa njiani kuja kulinunua zizi zima. Mtu mwingine angekaa kimya amngoje. Lakini Fikirini aliyatazama magugu, akawaza: shamba lililolimwa nalo lina mnunuzi. Akatangaza somo jipya, Kilimo. Wanafunzi wakaja na majembe, wakayaegemea.

"Mbona hawalimi?" akauliza.

"Vijana wetu hawalimi kimya kimya, mwalimu," akasema Limi, aliyekuwa anapita na kuni, au alijifanya anapita. "Wapigie ngoma."

"Ngoma! Vizuri sana. Hayo ndiyo maisha ya chuo!" Akaipiga mwenyewe, kwa mikono yake miwili.

Wakaja basumba wote, kile chama cha vijana wa kulima, wa Samuye na wa Didia, na majembe yao na nyimbo zao. Fikirini akafurahi kuona chuo kinakua. Jua halijafika utosini, shamba lilikuwa jeusi, limegeuzwa lote isipokuwa pembe moja. Kisha vijana wakakaa chini.

Wakaendelea kukaa.

"Asanteni, nendeni nyumbani," akasema Fikirini.

Akainuka Mageni, mkubwa wa basumba, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. "Tunangoja nyama, mwalimu. Aliyewapigia basumba ngoma huwachinjia."

"Ndugu yangu, lile lilikuwa somo..."

"Umebisha," akasema Mageni. "Faini. Ng'ombe wa pili."

"Faini? Kwa sheria ipi? Mimi nafundisha sheria!"

"Wa tatu."

"Hebu sikilizeni kwanza, wanangu wapendwa..."

"Wa nne," wakaitikia basumba wote, kwa furaha ya watu wanaojifunza hesabu.

Mdomo uliomlisha Fikirini tangu Geita ulikuwa unakula zizi lake. Kila alipoufungua, ng'ombe mmoja alitolewa, na aliyemleta chuoni akamshika kamba, akaenda naye kwake. Basumba walitaka kula dume moja tu; hao wengine walikuwa adabu. Kwa hasira Fikirini akamwonyesha yule wa madoa.

"Basi chinjeni huyo!"

Limi, aliyekuwa anapita tena na kuni, akaziangusha. Mageni tayari alikuwa na kisu mkononi. Mjane hakulia. Akaenda moja kwa moja, akachuchumaa chini ya ng'ombe, akavuta chuchu. Maziwa yakaruka yakamlowanisha Mageni miguu.

"Mageni, baba," akasema, "anawalisha basumba mnyama anayenyonyesha. Anawaona ninyi fisi?"

Vijana wakapiga kelele ya matusi, tena ya wimbo. Kwa kosa hilo zizi lote likafunguliwa. Limi akashika kamba ya wake kabla ya mwingine yeyote.

Maige alifika jioni na wachungaji wake, akakuta dume liko motoni. Akaulizwa kama ana njaa. Akakaa, akala, akasahau alikuja kununua nini.

Fikirini naye alinyoosha mkono kwenye nyama. Mageni akautoa taratibu. "Hali asiyelima." Akampa jembe, akamwonyesha pembe ya shamba iliyobaki.

Mzee Ngassa akasogeza kiti cha mwalimu hadi ukingoni mwa shamba, akakaa yeye, akakunja nne.

"Inama zaidi, mwalimu. Hilo gugu hulioni?"

Fikirini akafungua mdomo. Akamwona Mageni analitazama koti lake, kama ng'ombe aliyebaki. Akaufunga, akainama, akalima.