Kichwa Rasmi

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Usalama wa Vichwa, baada ya vikao vingi na chai nyingi zaidi, imepata helmeti moja itakayomfaa kila mwendesha pikipiki na abiria wake. Nyingine zote, ziwe nzima au mbovu, ni marufuku kuanzia siku ya uzinduzi.

Aliyefanikisha jambo hili kubwa ni Afisa Vipimo, mtu mpole, tepu ya kupimia shingoni na hofu tumboni. Kamati iliona kupima vichwa vya watu wote ni usumbufu mtupu, basi kipimwe kimoja chenye dhamana, cha Mkurugenzi. Tatizo lilikuwa dogo tu. Mkurugenzi alivaa kofia ya manyoya mwaka mzima, jua liwake lisiwake, na hakuna mtumishi aliyewahi kumwona bila hiyo. Afisa akasimama nyuma ya kiti chake akitafuta maneno ya kumwomba aivue. Maneno yakagoma. Akazungusha tepu juu ya manyoya, akaandika, akashukuru, akatoka kinyumenyume. Ndivyo kipimo kilivyopatikana, na tusidanganyane, vingi hupatikana hivyo hivyo.

Nyumbani, mdogo wake, mama wa watoto wawili na dereva wa bodaboda, aliivaa ile helmeti rasmi akageuza shingo kulia. Helmeti ikabaki inatazama mbele.

"Kaka, hii ni ndoo."

"Ni kiwango."

"Nikiangalia pembeni naona sponji tu. Unataka nigongwe?"

Afisa aliona aibu, aibu ya kweli. Helmeti ya zamani ya mdogo wake aliichagua yeye mwenyewe. Walizunguka duka zima, akamtikisisha kichwa mpaka muuzaji akacheka, wakachukua iliyobana mashavu bila kuumiza na isiyocheza mkanda ukifungwa. Sasa wangeinyang'anya, na watoto wale wanakula kwa hiyo hiyo pikipiki.

"Idara imewafikiria," akasema, akisoma waraka ili asimtazame usoni. "Mwenye kichwa pungufu ya kiwango haruhusiwi kuendesha wala kupakiwa chombo chochote cha moto, mpaka atakapokikuza."

"Kukikuza na nini, mbolea?"

"Waraka haujafika huko."

Siku ya uzinduzi uwanja ulifurika. Mkurugenzi angepakiwa pikipiki azunguke mara moja, na dereva akateuliwa kwa utaratibu wa kawaida, yaani kwa undugu: mdogo wake Afisa. Helmeti ilipita juu ya manyoya ikamkaa sawasawa. Makofi! Afisa akapumua.

Mdogo wake hakuwasha pikipiki.

"Samahani, mzee. Kanuni zenu zinakataza kofia chini ya helmeti."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, Mheshimiwa," akajibu katibu wake, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

Hapakuwa na pa kutokea. Mkurugenzi akavua manyoya, na kilichobaki kilikuwa kichwa kidogo, jamani, kidogo! Akakifunika upesi kwa helmeti. Pikipiki ikaondoka polepole, ikapanda tuta, helmeti ikageuka nyuma mbele. Mkurugenzi akaendelea kuupungia mkono umma asiouona.

"Nani kazima taa?" ikasikika sauti ndani.

Aliposhushwa akafoka.

"Afisa! Ulinipima vipi?"

"Kwa heshima zote, Mkurugenzi."

"Nipime tena, hapa hapa!"

Afisa akamtazama mdogo wake, akaivuta tepu. Safari hii akaizungusha juu ya ngozi tupu. Akasoma kipimo kwa sauti, kwenye kipaza sauti.

"Pungufu," akasema. "Tena kuliko cha mdogo wangu."

Askari wa barabarani, kijana mwenye bidii aliyeusoma waraka wote, akapiga saluti na kuchukua funguo za gari la Mkurugenzi. Kisha akachukua za pikipiki.

"Naifuta hiyo kanuni sasa hivi!"

"Kanuni hufutwa kwa kikao, Mheshimiwa," akasema katibu. "Na kikao hukaa ofisini."

Ofisi ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Mkurugenzi akaanza kutembea, kichwa wazi, jua la utosi. Afisa alimfuata amebeba manyoya. Kando yao mdogo wake alisukuma pikipiki, helmeti yake ya zamani ikining'inia kwenye usukani.

"Mzee wangu, kaza mwendo kidogo," akasema. "Mimi nina abiria wananisubiri."