Koti la Mkurugenzi

"Wizara ya Ajira inayo furaha kuutangazia umma kwamba, kwa kuwa taifa limeingia katika soko huria, hakuna tena mtumishi atakayelipwa bila kuonekana kazini!"

Mkurugenzi alilisoma tangazo hilo mwenyewe, kwa kipaza sauti, katika chumba ambacho hata ukinong'ona unasikika. Tulipiga makofi. Mimi ndiye mfagizi wa wizara, kwa hiyo sera zote nazipata zikiwa bado moto.

Ugumu ulikuwa kwenye huko kuonekana. Watumishi wetu wamelitangulia soko. Mhasibu ana duka la vipuri, karani wa takwimu anafuga kuku, katibu muhtasi anapitisha viatu vya mitumba ofisi hadi ofisi. Lakini mtoro hatuna. Kila mmoja akifika asubuhi anatundika koti mgongoni mwa kiti, ndipo anakwenda zake. Ukimuulizia unajibiwa, "Yupo, koti lake si hilo?" Mimi ndiye ninayeyakung'uta vumbi.

Wakaguzi wa kampuni binafsi iliyopewa kazi hiyo wakataka kujua watawahesabuje watu wa namna hiyo. Mkurugenzi akafikiri, akakuna kidevu.

"Mtu anaweza kuwapo kwa bahati tu," akasema. "Koti linakuwapo kwa nia."

Wakaandika. Ikawa sera: kiti chenye koti, mwenyewe anabaki. Kiti kisicho na koti, mwenyewe anaachiwa huru akashindane sokoni.

Shangazi yangu akanivuta pembeni pale koridoni. Yeye ndiye wa dirisha la watafuta kazi. Anakaa kitini mpaka jioni, na hana koti, ana mtandio.

"Mwanangu, nikiachiwa huru, wale wajukuu watakula huo uhuru?"

"Azima koti, shangazi."

"Kwa nani? Siku hizi yanakodishwa kwa saa!"

"Basi mwambie Mkurugenzi kwamba wewe unaonekana."

"Nimemwambia. Kasema kuonekana kwangu hakuna vielelezo."

Siku ya ukaguzi Mkurugenzi akaniita. Jioni Waziri angekuja kumpongeza.

"We binti, koti langu limejikunja. Lipige pasi, upesi!"

"Ndiyo, mzee."

Pasi ya wizara inakaa chumba cha shangazi. Nikalipiga taratibu, maana nguo ya mkubwa haitaki papara. Nilipomaliza ilibidi lipoe, na kiti cha karibu kilikuwa cha shangazi, mwenyewe kakikalia. Nikalitundika nyuma yake.

Wakaguzi wakapita. Mhasibu, ambaye hakuwapo, akabaki. Mwenye kuku akabaki. Kwa shangazi wakalipapasa koti, wakatazama bitana, wakamwamkia kwa adabu. Kisha wakaingia kwa Mkurugenzi. Mimi nilikuwa nadeki mlangoni.

"Karibuni, karibuni!"

"Shikamoo, mzee. Mwenye kiti hiki yuko wapi?"

"Si mimi hapa!"

"Na koti?"

"Linapigwa pasi. Jamani, si mnaniona?"

"Tunakuona, mzee. Lakini huenda ni kwa bahati tu."

Waziri alipofika jioni akaisoma ripoti, akasifu sana. Alisema sera isiyomwogopa mkubwa ndiyo inayotakiwa na soko.

Kesho yake foleni ya dirishani ilikuwa ndefu kama kawaida. Mkurugenzi alikuwamo, akiwa na shati tu, nyuma ya mafundi wa kile kiwanda cha nguo alichokifunga mwenyewe kwa hotuba nzuri. Walimpisha asogee mbele. Akakataa, kisha akasogea.

Shangazi alimpokea vizuri tu, mikono ya koti imekunjwa mpaka kiwikoni.

"Karibu, baba. Una ujuzi gani?"

"Mama, tuache mchezo. Hilo koti langu. Nivulie, nirudi kwenye kiti changu."

Shangazi akanigeukia. Nikaegemea ufagio, nikatafuta neno la kiofisi lisilomuumiza mtu mzima.

"Pole, mzee," nikamwambia. "Koti limeshaajiriwa."