Nyonga za Ukoo Wetu Haziishii Nyuzi Hamsini

Kwa Mwalimu wa Baleti,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia.

Mwalimu mheshimiwa,

YAH: KUPUNGUZIWA NYONGA BINTI YANGU

Natumaini u mzima, na magoti yako pia. Mimi ni fundi viatu, baba wa yule binti uliyemsogeza mstari wa nyuma Jumanne. Naandika kwa heshima zote.

1. Ulimwambia mbele ya wenzake: "Nyonga zako zinageuka nje nyuzi hamsini. Usilazimishe nyayo zipite hapo." Mwalimu, nyonga hizo hazikuokotwa. Amezirithi kwa marehemu mama yangu, aliyelea watoto tisa, wote kiunoni. Kusema zina mwisho ni kuutukana ukoo.

2. Ikabidi niitishe kikao. Tulilala chali sebuleni watu kumi na mmoja, mke wangu akatupitia na kipimapembe cha shule. Baba mdogo alipata thelathini na tano, akasusa chai. Shangazi alifika sitini na tano, akakwama hapo hapo. Tulimbeba hadi kwenye kochi akiwa miguu wazi kama mkasi, naye anapiga kelele: "Mwambieni huyo mwalimu bado nina akiba!"

3. Sasa viatu, ambavyo ni kazi yangu. Vya binti vimelika upande wa ndani. Umemweleza eti nyonga ikigoma kugeuka, goti hupindishwa, kifundo hulemewa, na unyayo huporomokea ndani. Nimeshona viatu miaka ishirini na sita, sijaona nyonga ikila soli. Ni wazi sakafu yako imeinama. Nilikuja na pima maji ya jirani yangu mwashi, nikapiga magoti mlangoni kwako, nikapima. Ikaonyesha sakafu imenyooka. Nauliza kwa adabu: pima maji nayo umeihonga?

4. Goti la kulia linamuuma. Humwambia mama yake, kwangu hunyamaza. Hili nalo nakuhesabia wewe.

Kwa hiyo naomba binti arudishwe mbele, nyuzi zake ziongezwe hadi tisini (hata kwa awamu), na nyonga za marehemu ziombwe radhi kwa maandishi. Ukikataa, nitakwenda ofisi ya mizani na vipimo.

Wasalimie wanafunzi wote, mpiga piano, na yule mama anayefagia ngazi.

Ni mimi, mwenye haki na uchungu,
Fundi Viatu

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, binti ameisoma barua. Hakucheka. Amesema, "Baba, mwalimu hajawahi kunilazimisha. Ni wewe." Ni kweli. Kila jioni mimi humchorea mstari wa chaki sakafuni, nikamsukuma visigino: "Bado, mama, bado kidogo." Alipokwisha kusema hayo, akasimama kwa nyuzi zake hamsini, akaruka. Nilikuwa nimempa mgongo kwa aibu, na hata kishindo sikusikia alipotua. Nimemuuliza kuhusu goti, safari hii akanijibu: haliumi akisimama hivyo.

Mwalimu, futa namba moja hadi nne. Abaki na hamsini zake, umpange popote. Ningeichana barua hii, ila mwenyewe ameng'ang'ania uisome, ujue anatoka kwa watu gani.